Ludo ya Ahero

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu dukani hapa Kisumu kumnunulia ludo. Nilidhani tutaingia na kutoka. Kumbe siku hizi ludo si ludo tu, rafiki yangu. Kuna ya timu za mpira, kuna ya wanyama wa mbugani, kuna ya mabinti wa kifalme wenye magauni ya kumetameta. Muuzaji alizitandaza zote kwenye kaunta akamwambia mtoto, "Chagua polepole, mama, hazitoroki." Binti yangu akachukua ya wanyama, akaikumbatia, tukaenda zetu. Njiani nilimfikiria nyanya yangu, mama yake Baba.

Nilikuwa darasa la nne masika yale mto ulipovunja kingo huko Ahero. Maji yaliingia mashamba ya mpunga, yakaingia na nyumba ya nyanya. Baba alimfuata akamleta kwetu mjini, yeye na kuku wawili na karai la nguo. Akaketi karibu na dirisha. Hakulia wala hakulalamika. Mama alimpikia omena, dagaa wa ziwa letu, kwa vitunguu, akaonja kidogo, akashukuru, akarudisha sahani. Kila asubuhi aliuliza swali moja tu, "Maji yameshuka?" Baba naye alijibu, "Bado, Mama," kisha akatoka kwenda kazini bila kumaliza chai. Hata sisi watoto tulijua kwamba mtu haishi kwa kuonja.

Ploti yetu, nyumba za kupanga za ua mmoja, ilikuwa na ludo tatu. Jirani, mama mmoja Mwislamu aliyeuza viazi karai, alikuwa na ya bendera za nchi. Mwalimu wa mlango wa mwisho alikuwa na ya maua. Yetu ilikuwa ya kawaida, nyuma yake nyoka na ngazi. Mvua ikitufungia ndani, tulibishana tucheze ipi mpaka mvua juu ya mabati ikawa haisikiki. Alasiri moja jirani alichoka nasi. "Muulizeni nyanya yenu awachagulie," akasema, "nipumzishe masikio."

Tukampangia zote tatu mkekani. Aliziangalia kwa muda, akagusa zile pembe nne za rangi.

"Hizi nyumba ni za nani?" akauliza kwa Kijaluo.

Tukamweleza kwamba kila mchezaji ana nyumba yake. Ukipata sita unatoka, unazunguka, na ukikanyagwa njiani unarudishwa nyumbani kuanza upya.

"Basi mimi wenye nyumba hizi siwajui," akasema. "Nichoreeni ya kwetu."

Baba aliporudi kazini alipasua katoni ya sabuni, akaomba kalamu zangu za rangi, akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya ofisi. Nyanya akamwelekeza. Pembe nyekundu iwe boma lake, lenye ua wa mnyaa. Ya kijani iwe ya shemeji yake. Ya bluu kanisa, ya njano kinu cha kusaga mahindi. Baba alipochora mfereji wa mashamba ya mpunga, nyanya akamgusa bega. "Unapita upande huu. Umekaa mjini sana." Baba akacheka, akafuta kwa kidole kilicholowa mate. Kwa kete tulitumia maharagwe, mahindi, njugu na vifuniko vya soda.

Tukacheza. Haikuchukua muda, kifuniko changu kikaangukia haragwe la nyanya. Nikasita. Mama, aliyekuwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi, alinitikisia kichwa niache. Lakini sheria ni sheria, na nyanya alikuwa ananingoja. Nikalichukua haragwe, nikaliweka kwenye ile pembe nyekundu.

Nyanya akaliangalia pale lilipokaa. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha chini chini ambacho hatukuwa tumekisikia tangu aje. "Asante, mjukuu wangu," akasema. "Umenifikisha nyumbani." Kuanzia hapo alikuwa akiacha kete zake wazi makusudi, tuzikanyage. Hakushinda hata mara moja. Jioni ile alikula ugali na mrenda, akaomba Mama amwongezee.

Maji yaliposhuka alirudi Ahero na katoni yake kwapani. Alijenga tena, na mafuriko mengine yakaja, akajenga tena. Alipofariki, ndugu zake Baba walihamia mwinukoni, familia moja baada ya nyingine, na kanisa likawafuata. Kinu kilifungwa. Ile ploti yetu ya mjini nayo imekuwa ghorofa, na jirani sijui alihamia wapi.

Siku hizi tukipita barabara kuu kuelekea Nairobi, nawaonyesha wanangu kwa kidole, nawaambia boma la nyanya lilikuwa pale. Wanageuka kuangalia, kwa heshima. Wanaona mpunga tu, wa kijani, mpaka mbali.