Ubani wa Rasha

Huwezi kuingia pango la kina Bi Mwatum na dhahabu mwilini. Utavua bangili, utavua herini, utavua na viatu, uviache juu ya jiwe, na jiwe hilo tangu enzi za mabibi halijapoteza hata kipini. Watu wa mjini wakiambiwa hivyo hucheka. Wanacheka, na wanavua.

Bi Mwatum ni mvyale, yaani mtu wa ukoo unaosema na wenyewe wa pale pangoni, yaani majini, kwa niaba ya watu. Kazi aliipokea kwa mama yake, marehemu Bi Kidawa, na hakufundishwa kitako kama chuoni. Wakikaa ufukweni kule upande wa Muyuni wakipiga makumbi ya nazi, mama anapiga, anasema. "Jini hakuongezei umri, hilo la Mungu peke yake. Anayekwambia anaweza, mkimbie." Anachukua kumbi jengine. "Wala hakupi moyo wa mtu. Atakuletea mtu mpaka mlangoni, kuingia ni hiari ya huyo mtu." Siku nyengine, mdomo umejaa muhogo: "Ubani wa mtu ni ulimi wake. Ukiomba juu ya ubani wake, ulichokiomba ni chake, na shukrani atarudisha yeye, si wewe. Na shukrani isiporudi, kilichotolewa hakikai."

Yote hayo Bi Mwatum aliyameza. Shekhe wa msikitini anasema mambo hayo ni shirki, na Bi Mwatum humwitikia, "Naam, shekhe," akasali, akafunga, na kesho yake akapokea wageni. Ndivyo alivyoishi, na hakupata kumdhulumu mgeni hata punje ya ubani. Mpaka alipokuja Rasha.

Rasha ni mtoto wa Malindi, mjini. Wazee wake, watu wenye asili ya Manga, Uarabuni, walikuwa na mashamba. Yeye leo anaoka keki za harusi jikoni kwake, na hata akivuka kichaka kuja pangoni mikono inanukia vanila. Mumewe, Qais, alikwenda Maskati kuendesha lori. Mwanzo akipiga simu kila jioni, kisha ikawa Ijumaa kwa Ijumaa, kisha Ramadhani na sikukuu.

"Sitaki anipende kwa nguvu, Bi Mwatum," alisema Rasha. "Nataka arudi tu, tuonane macho kwa macho. Kama ataniacha, aniache nnamuona."

"Hilo linaombeka," Bi Mwatum akamjibu. "Tena umeliomba kwa adabu."

Ngazi za pango zinateleza, kwa hivyo mgeni hungoja juu mdomoni, na mvyale hushuka peke yake na chetezo. Huko chini husema Kikae, lugha ya kale ya kusini, ambayo Rasha hata angeisikia asingeifahamu.

Na Bi Mwatum naye alikuwa na wake aliyepotea. Nahodha, mwanawe wa pekee, aligombana naye juu ya kiwanja cha ufukweni. Kijana alitaka kiuzwe kwa watu wa hoteli, mama hakutaka, na mbele ya majirani akamwambia, "Ondoka, na usirudi mpaka nife!" Nahodha akaondoka, akavuka bara, akazima na simu. Bi Mwatum alimwita pangoni kwa ubani wake mwenyewe, moshi ukapanda, basi. Alijua kwa nini. Lipo neno jengine Bi Kidawa alilisema mara moja tu, na binti yake alitamani asingelisikia: kinywa kilichofukuza hakiiti.

Basi siku ile, chini pangoni, ubani wa mjini aliouleta Rasha ukitoa moshi mweupe mzito, Bi Mwatum alifungua kinywa kusema Qais, akasema Nahodha. Ulimi haukuteleza, tusiusingizie ulimi. Alijua anachokisema, na akakirejea ili kisikike vizuri.

"Tayari?" aliuliza Rasha alipomwona anapanda.

"Tayari, mwanangu. Subira tu."

Mwani alioufunga Bi Mwatum wiki ile haujafaa hata kuvunwa, mlangoni pakapigwa hodi. Nahodha, kakonda, begi begani.

"Shikamoo, mama. Ushakufa?"

"Marahaba. Bado."

"Basi nimewahi."

Wakacheka mpaka wakalia. Bi Mwatum akapika wali wa nazi na changu, akakaa kumtazama anavyokula, na furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake kama ule wa samaki. Kwani Rasha alikuwa akipiga simu. "Shikamoo, Bi Mwatum. Bado." Naye anajibu, "Marahaba. Bado, mwanangu," huku mtoto wake anakoroma chumba cha pili.

Kisha Nahodha akaanza kutotulia. Nguo hazitoi begini. Rafiki yake wa Mtwara anampigia, naye hutoka nje kuzungumza. Bi Mwatum akafahamu ni ile shukrani isiyorudi. Akapeleka halua yake mwenyewe pangoni. Asubuhi akaikuta vilevile, hata sisimizi hawajaigusa. Shukrani haikuwa yake kuitoa.

Hapo ndipo alipofanya la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Akampigia Rasha.

"Njoo na chano cha shukrani, mwanangu."

"Nshukuru kabla sijapewa?"

"Ndivyo inavyokuwa mara nyengine."

Rasha akaja na halua, marashi, udi, na keki ndogo yenye maua ya sukari. "Sijui kama wanakula keki," alisema, akicheka kwa haya. Nahodha akamkatia dafu, akampa kwa mikono miwili.

"Huyu mwanao, Bi Mwatum? Si ulisema hayupo?"

"Alikuwa hayupo. Karudi."

"Lini?"

"Baada ya wewe kuja," alisema Bi Mwatum.

Uso wa Rasha ukachanua. "Alhamdulillahi! Basi pango lako linasikia! Na mie siku yangu i karibu."

Wakaenda, Rasha mbele na chano kichwani. Bi Mwatum nyuma alihesabu kuwa hakuna zito lililobaki: Rasha atakabidhi chano, yeye atashuka, atashukuru kwa jina la mwenye ubani, na Nahodha atakaa. Mdomoni mwa pango Rasha akainama avue viatu. Bi Mwatum akamshika mkono.

"Usivue. Hiki chano ni shukrani ya kitu ambacho wewe hukupewa." Akamwambia yote, la jina na la simu, bila kujisitiri.

Rasha akakitua chano. Halafu akasema, taratibu, "Ungeniambia. Ningemwita mimi mwanao. Ningemwita yeye kwanza, wangu baadae. Ubani ulikuwa mfuko mzima, Bi Mwatum."

Katika kumbukumbu zote za Bi Mwatum juu ya masharti, la kuomba kwa binaadamu mwenzake halikumpitia.

Rasha akavua viatu, akavua na pete, akajitwisha chano.

"Utateleza, mwanangu. Na Kikae hukijui."

"Ntasema Kiswahili. Wakisikia wasikie."

Mvyale akabaki juu, mahali pa wageni, kwa mara ya kwanza tangu akili imwingie. Alitega sikio akasikia mnong'ono tu, maji yanadondoka, mnong'ono tena. Rasha alipopanda, magoti yalikuwa yamerowa na chano kitupu.

"Umemshukuria Nahodha? Au umemuomba Qais?"

"Ulipokwenda chini wewe, mie sikukuuliza neno."

Hakusema kwa hasira. Akachukua vitu vyake, akafuata njia ya garini.

Nahodha alimkuta mama yake karudi nyumbani, kakaa juu ya kizingiti, kashika shavu.

"Mgeni wako kapita analia. Umemfanya nini?"

"Nimemwibia."

"We, mama! Umemwibia nini?"

"Wewe."

Nahodha akacheka sana, akidhani mama anamtania, akenda kisimani kuoga. Bi Mwatum akaingia chumbani, akalitazama begi, mkono ukatoka kulifungua atundike nguo za mwanawe. Akaurudisha. Safari hii hakuomba kwa mtu wala kwa jini. Alikaa akamngoja amalize kuoga, amuulize mwenyewe kama anataka kubaki.