Damu ya Baba

Kila Ijumaa, masomo yakiisha, huwaandikia wazazi wa kidato cha nne ujumbe mfupi kuhusu wiki tuliyoimaliza katika baiolojia. Huuandika kwa Kiswahili. Shule yetu ya wasichana ya kutwa hapa Muhuru Bay ina watoto wa Waluo, wa Wakuria na wa watu waliokuja na biashara, na ujumbe wa Kiingereza huwafanya wazazi wadhani wameitwa ofisini.

Ijumaa ile niliandika kwamba tumeingia katika somo la urithi, na kwamba Jumatatu kila msichana angeonyesha jinsi kundi lake la damu lilivyotokana na yale ya wazazi wake. Wanaoyajua makundi yao, mama na baba, wawaambie watoto. Mzee mmoja Mkuria akauliza kwenye kundi la WhatsApp kama ng'ombe nao wana makundi ya damu. Mkuria mwenzake akamsihi aache kuwaaibisha mbele ya majirani. Wazazi wakacheka, nami nikaiweka simu chini.

Kesho yake mama mmoja mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, alikuja kwangu. Ni mjane, bintiye ndiye aliyekuwa akiuliza maswali mengi kuliko wote darasani. Alikataa chai, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu," akasema, "hiyo damu ya baba unaitisha, ni ya baba gani?"

Mimi ni Mjaluo. Sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mumewe alipofariki, shemeji yake alimrithi kwa desturi, na mtoto waliyemzaa akahesabiwa wa marehemu: jina lake, boma lake, kaburi lake. Msichana aliambiwa tu kwamba baba alikufa mimba ikiwa changa. Yule shemeji aliyemlea, msichana alimwita baba mdogo.

Mama akanieleza kwamba mumewe alipokuwa amelazwa Homa Bay, yeye ndiye aliyemtolea damu, kwa sababu wote wawili walikuwa kundi O. Kisa hicho alikuwa amemsimulia binti yake mara nyingi, maana katika siku zile hakubaki na jambo lingine zuri la kusimulia. Lakini binti mwenyewe, alipoongezewa damu utotoni kwa ajili ya malaria, alionekana ni kundi B. O na O hawawezi kumzaa B. Hilo nilikuwa nimelifundisha mwenyewe Alhamisi.

Nilimwambia ningeliacha zoezi. Akatikisa kichwa. Asubuhi ile walipokuwa wakianika omena, mtoto alikuwa amemuuliza mara mbili kama ana hakika na kundi la baba.

"Angeendelea kuuliza ningemdanganya," akasema. "Sasa amenyamaza."

Kisha akanikumbusha kwamba kwa Kidholuo *wuon* ni baba na pia ni mwenyewe, mwenye kitu. "Wuon mtoto ni yule wa kaburini. Huko kwa sayansi mna neno kama hilo?"

Nikamjibu kwamba hatuna. Akainuka, akasema yeye mwenyewe atamwambia binti yake jioni, shemeji yake akiwapo, na kwamba nisimkaripie mtoto Jumatatu, vyovyote atakavyokuja.

Alikuja amenyoa. Nywele alizokuwa amesuka Ijumaa hazikuwapo tena; kichwa kilikuwa cheupe kabisa, kama tunavyonyoana baada ya mazishi. Wenzake wakamzunguka kumpa pole, wakamuuliza amefiwa na nani.

"Baba."

"Baba mdogo?"

"Hapana. Baba."

"Wewe nawe," mmoja akasema, akicheka kidogo, "huyo si alikufa hata hujazaliwa?"

"Ndiyo," akasema, akafungua daftari.

Sikugusa damu siku hiyo. Nilifundisha urithi kwa mahindi, punje za njano na nyeupe, mpaka kipindi kikaisha, naye hakuinua mkono hata mara moja. Wenzake walipotoka alibaki akipanga vitabu polepole, kisha akaja mezani kwangu.

"Madam, hospitali inaweza kukosea kundi la damu?"

"Wakati mwingine," nikasema.

Alinitazama kwa muda, kwa upole, kama mtu mzima amtazamavyo mtoto aliyejitahidi kumfurahisha. Kisha akanishukuru kwa adabu, akatoka.