Bustani Yangu Mbele ya Ofisi ya Mtaa

Mimi ni mtu wa ndani, hata sokoni naenda kwa kusukumwa. Mtaa wetu ulipoingia mashindano ya maua, nikajitolea kupamba mbele ya ofisi ya mtaa, ili majirani wakome kuniita mwali.

Mama Zuhura, jirani yangu, aliahidi kuniachia miche. Asubuhi moja nikaikuta barazani, imeviringishwa kwenye gunia bichi. Nikaipanda yote. Ikanawiri, majani mapana kama ungo. Wazee wakipita husimama, wanacheka: "Hongera, mkulima!" Nami nainama kwa adabu: "Asanteni!"

Siku ya ukaguzi, mtaa mzima ukajaa. Nikamwamkia mzee mkaguzi: "Shikamoo."

"Marahaba. Binti, tumbaku yako utaikaushia wapi?"

"Tumbaku ipi, mzee? Haya ni maua, bado tu hayajachanua."

Nimezaliwa Tabora, lakini tumbaku naijua ikiwa kwenye marobota juu ya lori!

Watu wakaanza kuangua vicheko. Ndipo Baba Saidi, mpangaji mwenzangu anayelima Goweko, akapenya mbele, macho yamemtoka.

"Miche yangu! Ni wewe, dada? Na mimi nimemnunia mwenye nyumba msimu mzima!"