Kipa Aliyeshindwa Kumfokea Mjomba Wake

Wanaonijua wanajua nilikotoka. Niliacha shule darasa la tatu kule Ganda, nikashika shoka la kuchongea mawe ya kujengea. Miaka ile ya themanini, hoteli za Malindi zilipokuwa zikiota kama uyoga, mawe mengi yalikuwa yangu, na lori lililoyabeba likawa langu vilevile. Hakuna aliyenishika mkono. Basi timu yetu ya mpira ilipoanza kuzama na wakubwa wenye tai wakaikimbia, nani aliombwa awe mwenyekiti? Mimi. Nikakubali, maana naupenda mpira, na pia tangu utotoni nina ugonjwa wa kutaka kujua. Kitu kikiharibika, silali mpaka nijue kimeharibikia wapi.

Na timu ile ilikuwa ya ajabu. Wachezaji walikuwa wa mshahara, si wa kuokoteza. Nidhamu ndiyo usiseme. Kapteni, beki wetu wa kati, mtu wa Kibarani ambaye wenzake wa rika lake walikwisha kutundika viatu, akiingia uwanjani vijana wote walisimama. "Shikamoo, kapteni!" Anayechelewa mazoezi alifagia chumba cha kuvalia. Hakuna mlevi, hakuna mtoro. Na bado tulifungwa kila Jumamosi, tena mabao ya namna moja: mpira wa juu unakuja katikati, kapteni anautazama, kipa anautazama, fowadi wao anatokea nyuma anauweka wavuni kwa raha zake.

Kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema tumerogwa. Winga wetu, mtu wa bara mwenye mdomo mwepesi, alisema ni hili joto lenu. Mimi nilipokuwa nikichonga, jiwe likipasuka vibaya nilikuwa nainama nitazame ufa umeanzia wapi. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata niliacha kiti changu cha mwenyekiti, nikaenda kusimama nyuma ya lango letu, nikatega sikio.

Kipa alikuwa na koo la mnadi wa samaki. "Namba mbili, panda! Winga, umelala? Kwenu hakuna kitanda?" Nikacheka peke yangu. Kisha ukaja mpira wa juu, na fowadi wao amemganda kapteni mgongoni. Kipa akafungua kinywa. Akameza mate. Halafu, kwa sauti ya mtu anayepiga hodi kwa watu, akasema, "Mjomba, samahani, hapo nyuma yako..."

Bao.

Kipa yule alikuwa mtoto wa dada yake kapteni, na kapteni ndiye aliyemlea. Hilo tulilijua sote. Ila hakuna aliyewahi kusimama pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Ilibaki mechi moja. Tukifungwa, tunateremshwa daraja. Tukiteremshwa, timu inavunjwa na kila mtu anarudi kwao. Nikamwita kapteni kando ya lori.

"Mpwa wako anakuogopa."

"Haniogopi. Ananiheshimu."

"Basi heshima yake ndiyo inayotufunga."

Alinitazama mpaka nikadhani ataninasa kofi. Ndipo nikang'amua kwamba mtu huyu, anayewasahihisha wote, hajawahi kuambiwa kosa lake na yeyote. Akageuka, akaenda zake.

Kesho yake mazoezini aliwakusanya wote. "Wewe," akamwambia kipa, "nimeacha mtu nyuma yangu. Nifokee."

Kipa akatazama vidole vya miguu yake. "Mjomba, mama akisikia..."

"Mama yako nitamjibu mimi. Nifokee!"

"Basi mjomba, rudi nyuma kidogo, ukipenda."

"Mwongeze na chai!" winga akadakia, na watu wakaangua kicheko. Kapteni hakucheka. Alikwenda akachukua ufagio.

"Mabao yale yote yamepita kwangu," akasema. "Na hapa mwenye kosa anafagia."

Akaanza kufagia chumba cha kuvalia, mtu mzima yule, mgongo umeinama, sisi tumesimama mlangoni. Hakuna aliyecheka tena. Kipa akaingia mbio, akaushika ufagio ampokee.

"Uache," kapteni akasema. "Ukitaka kunisaidia, fokea."

Jumamosi uwanja ulijaa, na mama yake kipa alikuwapo jukwaani. Sare ilitutosha, na sare tulikuwa nayo mpaka mwisho mwisho, mpira wa juu ulipokuja palepale. Nilikuwa nyuma ya lango. Nikamwona kipa anameza mate, nikasema moyoni tumekwisha.

"Mjomba, ruka! Ruka, mzee, umekuwa nguzo?"

Uwanja mzima ulisikia. Kapteni hakugeuka hata kutazama. Aliruka, akaupiga kichwa ukatoka nje. Jukwaani nikamsikia mama yake, "Yarabi! Amemwambiaje mjomba wake?"

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, timu ikiwa imepona, kipa alimkimbilia kapteni, akainama, akambusu mkono. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ila hiyo ya nguzo, tutazungumza nyumbani."

Watu husema mimi ndiye niliyeiokoa timu ile, nami siwakatazi. Tangu hapo nimeajiri watu wengi kuliko mtu yeyote wa rika langu huku kwetu, na wote huniamkia vizuri. Lakini mpaka leo nikipita machimboni nikawaona wamenyamaza ghafla, mimi husimama, nikageuka kutazama nyuma yangu kuna nini.