Wageni Kwanza

Jumapili iliyopita, nikitoka ibadani Runazi, nilikuta mashabiki wakimzomea kiungo kijana atolewe uwanjani. Nikamkumbuka Filbert, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa kiungo wa timu ya kwetu nilipokuwa mtoto.

Alasiri moja enzi hizo niliketi na mama kando ya uwanja, kwenye nyasi zilizonuka samadi, tukila mahindi ya kuchoma. Kila pasi ya Filbert iliangukia kwa timu ngeni, na kila mara mama na wenzake walimpigia makofi na kumtia moyo.

"Tena, baba. Tupo."

Sasa najua kwamba kocha alikuwa ameapa kumwacha nje ya timu asipobadilika siku hiyo. Wakati ule nilijua tu kwamba nyumbani mgeni hupakuliwa kwanza, nikaona Filbert ana adabu kuliko wote.

Mwishoni pasi yake ilimfikia mwenzake, likawa bao. Mama alifuta machozi kwa kanga.

"Mama, mbona sasa amewanyima wageni?"

"Kula mahindi yako."

Namshukuru Mungu kwa mama yule. Pale Runazi kiungo alipopoteza mpira tena, nilipiga makofi peke yangu. Shabiki mmoja akageuka.

"Shikamoo, mzee. Kwani wewe ni wa timu gani?"

"Marahaba. Ya huyo aliyekosea."