Wanaume Kumi Chini ya Mteremko wa Kilimatinde

Tangu Zohara afariki, Yusufu bin Haroni alikuwa akifanya kazi kama kawaida, na hilo ndilo lililowatia majirani hofu. Siku nane tu baada ya kumzika mkewe pamoja na kichanga ambacho hakikuwahi kupewa jina, alifungua banda lake karibu na stesheni ya Dodoma, akakalia gogo lake, akaanza kukata madebe matupu ya mafuta ya taa na kuyageuza kuwa koroboi, ndoo na vikombe. Alilehemu vizuri kama zamani. Aliitikia salamu. Mtu akimpa pole, alijibu, "Asante, nimeshapoa," kwa sauti ile ile aliyoitumia kusema kwamba ndoo itakuwa tayari Alhamisi.

Jirani yake Mwajabu, mama wa Kirangi aliyehamia Dodoma na mumewe kutoka Kondoa kuuza tumbaku, ndiye aliyemwosha Zohara, maana mjini hapakuwa na mwanamke mwingine wa Kiyahudi. Alielekezwa na Yusufu kutoka nyuma ya pazia, naye akafuata kila neno. Tangu siku ile alijiona ana haki ya kumsemesha apendavyo.

"Fundi, lia basi," alimwambia asubuhi moja mlangoni pa banda. "Hata kidogo tu. Sisi wenzako tumelia mpaka macho yamevimba."

"Nitalia, dada Mwajabu," Yusufu akajibu, akarudi kwenye bati lake.

Hakulia. Wala hakuwa anajizuia. Alilitafuta lile jambo ndani yake, hakuliona. Alikula akipewa chakula, alilala giza likiingia, akaamka jogoo wakiwika, na Februari ikawa Machi, na Machi ikawa Juni, bila yeye kushika ni lini mvua zilikoma.

Huko Adeni alikozaliwa, baba yake alikuwa mfua bati, na babu yake vilevile. Alifika pwani ya Afrika akiwa na umri wa miaka ishirini, akiandamana na rabi mmoja mzee aitwaye Saadya. Mayahudi wa Yemeni humwita mwalimu wao wa dini Mori, basi naye alijulikana kama Mori Saadya. Mzee huyo alikuwa amesikia kwamba wako Mayahudi wachache waliotawanyika katika njia ya misafara, mmoja hapa mmoja pale, wengine wana watoto wa kiume ambao hawajatahiriwa, wengine hawajaisikia Torati ikisomwa kwa miaka kumi. Akasema hawezi kufa na habari hiyo masikioni. Yusufu alimbebea visu vya kuchinjia, vitabu, na kikoba cha dawa.

Walitembea kutoka Bagamoyo hadi Ugogo. Mwaka ule ulikuwa 1899, ukame umeunguza kila kitu. Chini ya mteremko wa Kilimatinde homa ikamwangusha Mori, na siku ya nne akafa, kichwa chake kikiwa magotini pa Yusufu. Kulikuwa na wapagazi, kulikuwa na Wagogo wa kaya ya jirani waliokuja kutazama, lakini Myahudi alikuwa mmoja tu. Kadishi, ile sala ambayo mfiwa husema kwa ajili ya maiti wake, haisemwi mpaka wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi. Kwa hiyo Yusufu alichimba, akazika, akarundika mawe, akaondoka bila kusema kitu.

Hakurudi Adeni. Alizunguka na misafara, akakaa Mpwapwa, na reli ilipofika Dodoma akaifuata. Zohara aliletwa kutoka kwao Adeni kuolewa naye mwaka 1908, Yusufu angali Mpwapwa. Alikuwa mwanamke wa kucheka, aliyejifunza Kigogo haraka kuliko mumewe. Naye alizikwa vilevile, Myahudi mmoja tu kando ya kaburi, bila Kadishi.

Mwezi wa Septemba mwaka 1913 alikuja mtu bandani. Alikuwa mnene, kavaa kofia ya majani iliyochakaa, jina lake Nisimu, Myahudi wa Saloniki aliyekuwa msimamizi wa mafundi wa reli huko Bahi. Walifahamiana kwa mbali.

"Fundi, wewe ndiye uliyemzika Mori Saadya," Nisimu alisema akikaa bila kukaribishwa.

"Ni mimi."

"Unapakumbuka mahali?"

"Napakumbuka."

"Basi sikiliza. Huu ndio mwezi wetu wa kuzuru makaburi kabla ya mwaka mpya. Nimeandika barua Morogoro, nimeandika Tabora, nimemtafuta kila mmoja wetu aliye kwenye reli hii. Nimepata wanane. Mimi wa tisa." Akamtazama. "Umenielewa?"

Yusufu aliendelea kukunja ukingo wa ndoo. "Nina kazi, Bwana Nisimu."

"Ndoo zitakungoja."

"Mimi sina ninachokihisi siku hizi. Nitakuwa kama gogo katikati yenu."

"Mimi sikuja kuomba hisia zako," Nisimu alisema. "Nimekuja kuomba kiwiliwili. Tukiwa tisa tutakula mayai ya msiba tu na kurudi makwetu. Wewe ukisimama pale, hata kama gogo, sala inasemwa."

Yusufu hakuona sababu ya kukubali, wala hakuona sababu ya kukataa. Akasema atakuja.

Jumatatu iliyofuata alishuka stesheni ya Saranda na ndoo mpya na kikapu cha karanga na mayai ya kuchemsha aliyofungiwa na Mwajabu. Kwenye kivuli cha tangi la maji aliwakuta watu wasiofanana hata kidogo. Walikuwepo ndugu watatu wa Adeni wenye duka Tabora, waliovaa kanzu na vizibao. Walikuwepo mafundi wanne wa Saloniki, Nisimu akiwa mmoja wao, mikono yao myeusi kwa grisi, wanaozungumza Kihispania cha zamani. Alikuwepo mshona nguo mmoja aliyezaliwa Bombay. Na kando kidogo, ndani ya suti nyeupe na viatu vilivyong'arishwa, alisimama Mjerumani, Bwana Rosenau, karani wa kampuni moja ya pembe na ngozi. Alikuwa amesafiri daraja la kwanza peke yake, na alionekana kujuta. Nisimu akahesabu kwa kidole, ingawa kwao si vizuri kuhesabu watu hivyo. Walikuwa kumi kamili.

Mara ikajulikana kwamba hawana lugha. Waadeni wana Kiarabu chao, wa Saloniki wana chao, yule wa Bombay ana chake, na Kijerumani alikijua Rosenau peke yake. Wakajaribu Kiebrania, lakini kila mmoja alikitamka kivyake na mwenzake akadhani anasikia maneno mengine. Mwishowe mdogo wa wale ndugu wa Adeni akasema, "Jamani, semeni Kiswahili tu." Wakacheka, wakasema Kiswahili. Rosenau alijua kile cha kuamrisha. Kila sentensi yake ilianza na "lete" au "fanya," hata alipokuwa akiomba maji kwa upole.

Yusufu akatangulia, wakamfuata. Ilikuwa nyika ya miiba na udongo mwekundu, jua kali, upepo unaopeperusha vumbi usoni. Walibishana njia nzima. Wa Saloniki walitaka zaburi zianze kabla ya kufika, wa Adeni wakasema zianze kaburini. Mshona nguo akauliza kama ni kweli Rosenau hula nyama ya kopo, isiyochinjwa kwa sheria yao, na Rosenau akasema ni kweli, na mkubwa wa wale ndugu wa Adeni akasogea mbali naye. Yusufu aliyasikia yote kama mtu anayesikia majirani ng'ambo ya ukuta. Aliangalia mibuyu na vichuguu vya mchwa, akakumbuka mahali pa kukunja kushoto, akakunja.

Alitarajia kukuta rundo la mawe lililosambaratika. Alikuta boma la miiba mibichi, limezungushwa vizuri, na ndani yake mawe yako kama alivyoyapanga miaka kumi na minne iliyopita. Pembeni palikuwa na kiwanja cha kupuria uwele, na mwanamke wa Kigogo wa makamo alikuwa akipepeta.

"Mbukwa," Yusufu alimsalimu kwa Kigogo.

Mwanamke aliitikia, akaweka ungo chini, akamkazia macho. "Wewe," alisema kwa Kiswahili, ili na wengine wasikie, "wewe ndiye uliyevunja jembe la mama yangu."

Yusufu akakumbuka. Alikuwa ameazima jembe la kuchimbia, na ardhi ngumu ikalivunja mpini.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Mama alishakufa. Alikusamehe lakini alikusema sana." Akawatazama wote. "Baba alituambia yule mzee ni mgeni wetu, fisi wasimfukue. Kila kiangazi nabadilisha miiba. Nilikuwa najiuliza kama huyu mtu hana ndugu."

"Ana ndugu," Nisimu alisema. "Tumechelewa. Jina lako nani, mama?"

"Hana. Nilibatizwa misheni ya Kilimatinde."

Wale wanaume wakatazamana. "Hana, mama yake nabii Samweli," akasema mshona nguo.

"Huyo huyo," Hana alisema, akishangaa. "Ninyi mmemjuaje?"

Walikuwa wamekwisha kuanza zaburi askari alipotokea kwenye njia ya kushuka mteremko, bunduki begani, na jumbe wa pale nyuma yake. Kundi la watu wasiojulikana limekusanyika porini bila taarifa, na habari ilikuwa imefika bomani kwa serikali. Askari aliwapita wenye kanzu, akawapita mafundi, akaenda moja kwa moja kwa Rosenau, akapiga saluti.

"Bwana mkubwa, hawa ni watu wako wa kazi?"

Lilikuwa swali jepesi. Angeitikia ndiyo, na askari angeondoka, na hakuna ambaye angemlaumu, maana kila mtu pale alijua mambo ya bomani yalivyo. Rosenau akavua kofia yake, akakumbuka kwamba kwenye sala kichwa hufunikwa, akaivaa tena. Uso wake ulikuwa umewiva kwa jua.

"Hapana," alisema. "Hawa ndugu zangu."

Askari akamtazama Yusufu na kanzu yake yenye madoa ya risasi ya kulehemu. Akamtazama mshona nguo wa Bombay. "Ndugu, bwana? Mama mmoja?"

"Babu mmoja," Rosenau akasema. Akatafuta neno. "Babu wa zamani sana."

Jumbe alicheka, akajiziba mdomo. Askari hakucheka. Aliandika jina la Rosenau kwenye karatasi, jina hilo peke yake, akapiga saluti nyingine isiyo na nguvu kama ya kwanza, akapanda mteremko. Rosenau alibaki amesimama nje ya duara la wenzake. Mkubwa wa wale ndugu wa Adeni, yule aliyechukizwa zaidi na habari ya nyama ya kopo, akamshika kiwiko, akamvuta ndani, baina yake na Yusufu.

"Endeleeni," alisema.

Zaburi zilipokwisha Nisimu akamgeukia Yusufu. "Wewe ndiye mfiwa hapa. Sema wewe."

Yusufu alifungua kinywa. Maneno ya Kadishi yalitoka yenyewe, kama alivyofundishwa utotoni, moja likivuta jingine. Kila alipofika mahali pa kujibiwa, wanaume tisa walijibu, na hakuna wawili waliotamka sawa. Amina zao ziligongana, nyingine ikitangulia, nyingine ikichelewa. Kisha ikafuata sala ya kuwataja wafu, na mwisho wake Nisimu akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine?"

Tangu Februari Yusufu alikuwa hajalitaja jina lile.

"Zohara binti Musa," alisema. "Na mtoto."

Wakaitikia. Alingoja aone kama kitu kitamtokea. Aliona siafu mmoja akipanda kiatu cha Rosenau. Alisikia Hana akipepeta. Nyuma ya magoti palimuuma kwa kusimama. Mambo yalikuwa hayo tu, kisha sala ikaisha. Rosenau akaokota jiwe dogo, akaliweka juu ya kaburi, akaeleza kwa Kiswahili chake kwamba kwao hufanya hivyo. Wengine hawakuwa na desturi hiyo, lakini mmoja mmoja wakainama, wakaokota. Yusufu aliweka mawili.

Walinawa mikono kwa maji ya kibuyu cha Hana, wakala mayai na karanga. Yusufu alimpa Hana ndoo aliyokuja nayo, badala ya jembe. Hana akaigeuza chini juu, akagonga kitako chake, akasema haivuji.

Jioni yake Mwajabu alimpokea Dodoma. "Umelia?"

"Hapana."

"Basi mlifanya nini huko?"

"Nilimtaja," Yusufu akasema. Mwajabu akaketi kizingitini akaanza kulia yeye, naye Yusufu akasimama karibu yake mpaka alipomaliza.

Wale wanaume kumi walikuwa wameagana kukutana kaburini kila mwaka. Mwaka uliofuata ukaja na vita. Treni zilijaa askari, Rosenau akapewa bunduki na kupelekwa kaskazini, mafundi wengine wa Saloniki wakahamishiwa Kigoma, na duka la Tabora likafungwa. Septemba ilipofika Yusufu alifunga banda, akaenda kwa miguu siku nne. Chini ya mteremko alimkuta Nisimu peke yake, amekonda, akimsaidia Hana kuburuta miiba.

Wakasoma zaburi wawili. Kadishi haikuwezekana.

"Mwaka jana pale," Nisimu aliuliza walipokaa kupumzika, "ulihisi nini, fundi?"

"Sikuhisi kitu."

"Mimi nilihisi njaa," Nisimu alisema. Akamenya yai, akampa nusu. "Lakini umerudi."

"Nimerudi," Yusufu akasema, akala yai lake. Kisha akainuka kushika upande wa pili wa tawi, maana Hana alikuwa akiwaita, na boma la miiba lilikuwa bado halijafungwa upande wa magharibi.