Maji ya Sumaku

Mimi ni mtu wa kuona aibu. Darasani nikijua jibu naomba moyoni mwalimu amwulize mwingine, na dukani kwetu Chang'ombe nikikuta watu watatu wamesimama pale dirishani nazunguka mtaa mzima mpaka waondoke. Mama alikuwa akiwaambia watu kwamba huyu wangu ni mpole, na alikuwa anajivunia. Naandika haya kwa sababu sina pengine pa kuyapeleka, na kwa sababu huo upole ndio ulioharibu kazi ya mama.

Mama ni fundi wa maabara. Amezaliwa Haneti, na kwao yeye ndiye wa kwanza kusomea ufundi. Bibi mpaka leo akiulizwa mwanao anafanya nini mjini, anajibu kwamba anatengeneza mafriji ya serikali. Hakosei sana. Kazi ya mama ilikuwa kuhakikisha kitu fulani kinabaki baridi, ila baridi yenyewe ilikuwa kali kuliko ya friji yoyote ambayo bibi angeweza kuifikiria.

Kitu hicho ni sumaku. Ilitoka kwenye kiwanda kimoja cha ng'ambo, ikafika kwenye kreti la mbao kubwa kama kabati. Sumaku za namna ile hufungwa kwenye mashine za kukimbiza chembe ndogo kuliko atomu, na mashine hizo zikiwa ndogo hutumika hospitalini kutengeneza dawa za kupigia picha za saratani. Ndani mna koili ya waya ambao ukipoozwa mpaka karibu na mwisho wa baridi yote iliyopo duniani, umeme unapita bila kupotea hata kidogo. Ukipata joto, hata dogo, waya unarudi kuwa waya wa kawaida, na umeme wote uliomo unageuka moto palepale. Mama alinieleza hivyo nikiwa kidato cha pili, akichora kwenye nyuma ya daftari langu la fizikia, na nilimwelewa yeye kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu.

Kiwanda na maabara walikuwa na makubaliano. Kiwanda kilitaka kujua kama sumaku yao inaweza kuishi mahali penye vumbi, joto na umeme wa kukatika. Maabara ilitaka watu wake wajifunze kusuka koili zile wenyewe. Sumaku ikikaa miezi mitatu katika nguvu zake zote bila kuzimika, wangesaini awamu ya pili: karakana ingejengwa, na mama angepelekwa kiwandani kujifunza. Isipokaa, basi. Na mkataba wa mama ulikuwa unaisha pamoja na awamu ya kwanza. Bila saini, hakuna kazi. Nyumbani tulilijua hilo wote wawili, na hatukuwa tunalizungumza.

Ubaridi wa sumaku ulitoka kwenye kompresa, na kompresa nayo ilihitaji maji ya kuipooza. Kiwanda kilipendekeza mashine ya kupoozea maji, ya kwao. Mama akasema ile itakufa kwa vumbi ndani ya mwezi mmoja. Akatengeneza njia yake: simtanki kubwa nyuma ya jengo, kwenye kivuli, maji yanatoka, yanazunguka kwenye kompresa, yanarudi. Ya kisima hayafai, kwa sababu yana chumvi inayoganda ndani ya mabomba, kwa hiyo maji matamu yaliletwa na boza, lori la maji. Tangi la pili, la maji ya chumvi, lilikuwa la vyoo na usafi. Wale wa kiwandani waliuchora mfumo wa mama, wakaupeleka kwao kuuonyesha. Siku ile mama alirudi nyumbani akanunua kuku mzima.

Kompresa ikifanya kazi, sumaku ilitoa mlio. Kwi, kwi, kwi, kama mtoto mwenye kwikwi, usiku na mchana. Jumamosi nilikuwa nakwenda na mama kazini nikajisomee pale, kwa kuwa kuna feni na hakuna wageni. Nilizoea ule mlio mpaka nikawa siusikii. Mbele ya mstari mwekundu uliochorwa sakafuni, mama alikuwa amening'iniza pini za karatasi kwenye uzi. Hazikuning'inia wima. Zilikuwa zimelala hewani kuelekea kwenye sumaku, zinavutwa, kama mbuzi aliyefungwa kamba na kuona majani.

Siku ya mwisho ya ile miezi mitatu iliangukia Jumamosi. Wageni walikuja: mzee mmoja wa kizungu na dada mmoja mhandisi, wote wa kiwandani, na ofisa mmoja wa wizara. Mkuu wa maabara, tunayemwita Profesa, aliwakusanya pamoja na mama kwenye chumba cha mikutano mwisho wa korido ili wapitie kumbukumbu za joto, kisha wasaini, kisha wale. Kwa kawaida mama na fundi mwenzake walipokezana kukaa na sumaku, lakini mwenzake alikuwa msibani. Kulikuwa na king'ora cha simu, yaani joto likipanda mashine inamtumia mama ujumbe. Profesa aliagiza simu zote zizimwe, ziachwe kwenye kikapu mlangoni, kwa heshima ya wageni.

Mama alikuja akanikuta na daftari langu.

"Mwanangu, nakaa mle ndani saa moja hivi. Ukisikia imenyamaza, njoo uniambie. Usibishe hodi mara tatu tatu kama kawaida yako. Ingia tu, sema."

Nikasema sawa, mama. Akanirekebisha kola, akaenda.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetoka nje kunywa maji, nikawakuta akina mama wawili waliokodiwa kupika, wanateka ndoo baada ya ndoo, za kupikia na za kuoshea vyombo, kwenye tangi la maji matamu. Mmoja aliniona nawatazama. Akasema yale mengine ameyaonja, ni chumvi tupu, wageni watadhani pilau imepikwa baharini, na Profesa mwenyewe amewaambia watumie haya. Nikawaamkia, nikapita. Sikufikiri. Hapana, huo ni uongo. Nilifikiri kidogo, nikasema moyoni kwamba watu wazima wanajua wanachofanya.

Ilikuwa saa tano na kitu. Nilikuwa nafanya swali la fizikia, la mwendo wa kitu kilichorushwa, nikahisi kama kuna mtu ameingia chumbani. Nikageuka, hakuna mtu. Ndipo nikagundua kwamba nasikia feni. Miezi yote ile sikuwahi kuisikia feni.

Nilisimama. Kwenye kioo cha mashine, namba ya joto ilikuwa bado ndogo, ila ilikuwa inapanda, pole pole, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Nilijua la kufanya. Ukiwahi, umeme unapunguzwa taratibu, sumaku inashuka salama, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba fundi aliona, akachukua hatua. Mama aliwahi kuniambia kwamba hata kiwanda hakihesabu jambo hilo kuwa kushindwa. Nilikimbia kwenye korido. Kweli nilikimbia.

Mlangoni nikasikia sauti ya mzee wa kizungu inaongea na wote wamenyamaza, nikasimama. Nikabisha hodi. Nikabisha tena. Profesa akasema karibu.

Walikuwa wameketi meza ndefu, na macho yao yote yalinigeukia kwa pamoja. Mimi sikufundishwa kuingia mahali penye wakubwa nikaanza kusema shida yangu. Nikamwamkia Profesa kwanza, nikimpa mkono, goti limekunjwa kidogo. Marahaba, binti, hujambo, uko kidato gani sasa? Cha tatu. Masomo? Mazuri. Nikaenda kwa ofisa wa wizara. Marahaba, huyu ni binti wa nani? Akaambiwa ni wa fundi wetu. Akasema, kumbe, ndiyo maana kafanana. Kisha mzee wa kizungu. Nikasema shikamoo, naye akanishika mkono kwa mikono miwili akainama kabisa.

"Shikamoo," akanijibu.

Chumba kizima kilicheka. Ofisa akapiga meza. "Mzee, umemwamkia mtoto! Hapo inabidi yeye ndiye akujibu marahaba." Wakaanza kumfundisha, naye akijaribu, marahaba, maharaba, na dada mhandisi, aliyekwisha jifunza Kiswahili kidogo, akamsahihisha, na mimi bado mkono wangu uko kwake. Mama alikuwa anacheka pia. Lakini alinitazama. Nilimwona ananitazama, kicheko kikapungua mdomoni mwake, nyusi zikapanda kidogo, kama anauliza.

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: mama, imenyamaza. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikaona jinsi wanavyofurahi, nikaona kalamu zimepangwa juu ya karatasi za kusainiwa, nikawaza kwamba nikisema hapa mbele ya wizara mama ataaibika, bora nimwite nje. Nikamnong'oneza Profesa, ambaye ndiye alikuwa karibu, kwamba namwomba mama kidogo.

"Ana njaa huyu," Profesa akasema kwa sauti, kwa upendo kabisa. Akanipa soda iliyokuwa mezani, imeshafunguliwa. "Nenda kanywe, mama yako anakuja sasa hivi, tunamalizia."

Nikasema asante. Nikatoka na soda.

Nilisimama koridoni, nje ya mlango ule, sijui muda gani. Nilikuwa najiambia nahesabu mpaka kumi halafu naingia. Nilihesabu kumi nyingi. Halafu nikarudi kwenye sumaku nikidhani labda imeanza tena. Namba kwenye kioo ilikuwa imepanda mno. Nikiwa naitazama, kukatokea mshindo, siyo mkubwa, kama mtu ameangusha gunia la mahindi chumba cha pili. Pini za karatasi zikaanguka. Zikawa zinaning'inia wima, zinayumba. Kisha ikaja harufu ya kuungua, kama feni ya zamani iliyokufa.

Mshindo ule waliusikia. Mama ndiye wa kwanza kufika, viatu kavua. Alisoma kioo, akakimbia nje kwenye tangi, akarudi na ufito wa kupimia uliolowa ncha tu. Maji yalikuwa yamebaki chini ya tundu la bomba.

Wageni walikula ile pilau. Sijui wangefanya nini kingine, ilikuwa imeshapikwa. Dada mhandisi hakula. Alikaa na mama sakafuni, wanapima koili kwa nyaya, na alipomaliza alimshika mama bega. Imeungua ndani. Karatasi zilirudishwa kwenye mkoba bila saini. Mzee wa kizungu alituaga mmoja mmoja, na alipofika kwangu alijitahidi, akasema marahaba kabla sijamwamkia.

Kwa wiki mbili nilikuwa silali vizuri na sili vizuri, na mama alidhani ni malaria, akanipeleka kupima. Jumapili moja tulikuwa uani tunachambua mlenda. Nikamwambia yote bila kumtazama: feni, namba, kupeana mikono, soda, na wale akina mama na ndoo zao. Nilimwambia kwamba Profesa ndiye aliyewaruhusu. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, au alie.

Aliendelea kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Kumbukumbu zinaonyesha dakika joto lilipoanza kupanda. Na dakika uliyoingia mle naikumbuka, kwa sababu nilikuona uso. Nilijua kuna kitu. Nikaona vibaya kuinuka wakati mgeni anafundishwa salamu."

"Ungeniuliza, mama."

"Ningekuuliza. Ndiyo." Akatupa mashina pembeni. "Umenirithi mimi, si mtu mwingine."

Nikamwambia nitamwandikia Profesa barua, niseme ni mimi. Hapo ndipo alipopandisha sauti kidogo. Aliniuliza nadhani barua hiyo itamsaidia nani. Wataandika kwamba alimwachia mtoto wa shule sumaku ya watu, na hapo hata mahali pengine hatapata kazi. Nikamuuliza, na maji je? Akacheka, kicheko kibaya.

"Nani atakayeandika kwenye ripoti kwamba mkuu aliwapikia wageni pilau kwa maji ya sumaku? Wewe utaandika? Na pilau wote waliisifu."

Kreti liliondoka mwezi uliopita. Mama ndiye aliyeifunga sumaku, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua namna, na nilikwenda kumshikia misumari. Profesa alileta fomu ya kuirudisha. Palikuwa na nafasi ya kuandika chanzo cha hitilafu. Alisimama pale akitazama dirishani, hakumwambia aandike nini, na mama naye hakumuuliza. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: fundi hakuwepo kwenye kituo chake. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Nilifungua mdomo. Mama, bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono akasema nimpe msumari mwingine.

Nikampa.

Profesa alimshukuru kwa utumishi wake, na mimi akaniuliza masomo yanaendaje. Nikasema mazuri. Jumatatu mama anakwenda Mpwapwa, amepata kibarua cha kuangalia majokofu ya chanjo za mifugo, na mimi nabaki hapa kwa mama mdogo mpaka nimalize kidato cha nne. Jana nilimsaidia kufunga begi. Vitabu vyake vya sumaku hakuvifunga. Nilimuuliza kama amevisahau, akasema hapana, nivitumie mimi kama navitaka, na kama sivitaki nimpe mtu anayesoma.